Kiti cha Mzazi Hakiombi Diploma

Ndugu watumikaji, ninyi wa shimo na ninyi wa soko, leo tunataka kusema nanyi juu ya kiti kimoja. Si kiti cha waziri. Ni kiti cha mzazi katika komite ya shule, kinapobaki wazi kwa kuwa mwenyewe amekufa, ao amehamia Kolwezi kutafuta kazi, ao amechoka tu na maneno. Kiti hicho ni kidogo, lakini feza za watoto wetu zinapita mbele yake.

Shule zetu zina Komite ya Wazazi, ile inayoitwa COPA, na Baraza la Usimamizi, COGES, ambamo mkuu wa shule anakaa pamoja na walimu na mjumbe wa wazazi. Mjumbe huyo anachaguliwa na wazazi wenzake. Ni vizuri. Lakini kiti kikibaki wazi, hakosi bwana mmoja wa kusimama katika mkutano na kusema: tumtafute mtu mwenye Diploma ya Serikali, hawa wengine watatutia haya mbele ya direkta. Na watu wanapiga makofi, hata wale ambao neno hilo linawafukuza mlangoni.

Sisi tunakataa.

Mawazo ya namna hii wazee wetu waliyajua. Wabeleji walitoa kadi ya ustaarabu mwaka 1948, na mwaka 1952 wakaleta amri ya kumwandika mtu mweusi katika kitabu cha wastaarabu. Aliyeiomba alichunguzwa hata ndani ya nyumba yake: anakula namna gani, mke wake anatunza nyumba namna gani. Patrice Lumumba, kalani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Hakuwa na diploma ya sekondari. Mwaka 1960 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Na wale waliokuwa wakitupima kwa mitihani, walipoondoka waliacha inchi nzima yenye watu wasiofika thelathini waliomaliza universite, ukiwaacha mapadri. Wanaofunga mlango wa shule kisha wanauliza diploma iko wapi!

Na siku zetu hizi? Hebu tuulize ni nani aliye mzazi leo katika Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Baba zetu walikaa katika kambi za Union Minière, kisha za Gécamines baada ya Serikali kuichukua kampuni mwaka 1967. Kambi ilikuwa na shule, mtoto alisoma. Mwaka 1990 shimo la Kamoto likaanguka. Mishahara ikachelewa, kisha ikakatika kwa miezi mingi. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 wakapewa feza kidogo ili waende zao, na mambo hayo wakayaita kuondoka kwa hiari. (Hiari gani, ya mtu asiyelipwa?) Katika miaka hiyo hiyo, tangu 1992, wazazi ndio waliobebeshwa mzigo wa kuwatia walimu moyo kwa feza za mfukoni mwao. Baba asiye na mshahara angelipa na nini? Watoto wakarudi nyumbani, wengine wakaenda kuchimba kwa mikono. Watoto wale ndio wazazi wa leo. Kuwadai diploma ni kuwapiga mara mbili kwa kosa ambalo si lao.

Mwingine atasema: je, mtu asiyejua kusoma atalinda feza namna gani? Swali hilo ni la haki, hatulikimbii. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyoamuru katika kifungu cha 43. Lakini sekondari wazazi wanalipa, na hata chini wako walimu ambao majina yao yalikawia kuingia katika orodha ya mishahara. Kwa hiyo karatasi za feza zingali nyingi, na mjumbe anayetia sahihi asichokisoma anatia sahihi deni letu sisi wote. Ndiyo, mjumbe ajue kusoma na kuhesabu. Lakini kusoma ni jambo moja, na diploma ni jambo lingine. Mama wa sokoni anashika kichwani madeni ya wateja kumi bila kukosea hata franka moja. Kapita anaandika saa za kundi lake kila siku. Na tumeona wenye diploma wanaotia sahihi wakiwa wamefumba macho, kwa kuwa direkta ni rafiki yao ao amempa mtoto wao nafasi. Hatuwachukii wenye diploma. Waje wasimame kama sisi, tuwapigie kura.

Mtihani wetu ni huu. Kitabu cha feza cha shule kiletwe katika mkutano. Kila anayetaka kiti asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha awaambie wazazi kwa Kiswahili ni feza gani iliingia, gani ilitoka, na ilitoka kwa sababu gani. Akiweza, anatosha. Na ikiwa hesabu imeandikwa kwa Kifaransa cha kuficha mambo, mwenye kushindwa si mzazi, ni aliyeiandika: naye aiandike tena kwa Kiswahili na kuibandika mlangoni.

Jambo moja tena. Mahali pengine kiti kinakaa wazi miezi na miezi, wakisema wanamngojea mtu aliyesoma. Wakati huo wote nani anaweka sahihi? Direkta peke yake. Kwa hiyo tusikubali kungoja. Kiti kikibaki wazi, wazazi waitwe kabla mwezi haujaisha, tena siku ya Mungu mchana, ili wanaofanya kazi usiku waweze kuja, na mama wa sokoni vilevile.