Ndege Ndogo na Tamaa ya Kugusa Maji

Kila ndege inapoangukia majini, mjadala wetu huanza na kuishia kwa rubani: alikosea au hakukosea. Nadhani tunamwonea. Urukaji wa chinichini juu ya bahari na maziwa una wenyewe wengi, wakiwamo wauzaji wa ndege, waajiri na sisi abiria.

Tuanze na hesabu isiyohitaji shahada. Ndege ya injini moja kama Cessna 172, injini ikizimika, haiporomoki kama jiwe, huserereka angani. Kwa kila futi 1,000 za kimo rubani hupata kilomita mbili na nusu hivi za kutafuta pa kutua. Akiwa futi 5,000 ana dakika kadhaa za kujaribu kuiwasha tena, kuita msaada redioni na kuwaandaa abiria. Akiwa futi 200, sekunde ishirini hazitimii. Katika fani hii kimo ndicho muda, na anayeshuka ili afurahie mandhari huulipia mchezo huo kwa muda wake wa kujiokoa.

Tena maji hudanganya macho. Juu ya nchi kavu miti, nyumba na ng'ombe humwonyesha rubani umbali wake na ardhi. Juu ya maji yaliyotulia kama kioo hakuna cha kulinganisha nacho, na ndiyo maana marubani wa ndege za majini hufundishwa kuyashukia maji ya namna hiyo polepole, kwa kutegemea vipimo na si macho. Ukungu ukiunganisha bahari na mbingu, hata upeo hutoweka. Wala tusidhani kwamba maji ni laini: magurudumu yasiyokunjwa yakinaswa, ndege hupinduka, na abiria hujikuta kichwa chini, gizani, akipapasa kifungo cha mkanda.

Tarehe 7 Novemba 2017, Roy Halladay, aliyekuwa nyota wa besiboli nchini Marekani, alikufa peke yake katika Ghuba ya Meksiko akirusha ndege yake ndogo aina ya Icon A5. Wachunguzi walieleza kwamba alikuwa akifanya michezo ya ghafla katika kimo cha chini, na kwamba uamuzi wake uliathiriwa na dawa alizotumia. Ni rahisi kuifunga faili hapo, tukasema ni dawa. Lakini Mei ya mwaka huohuo, wafanyakazi wawili wa kampuni iliyoitengeneza ndege hiyo walikuwa wamekufa katika Ziwa Berryessa, California, baada ya kuingia chinichini katika korongo ambalo hawakuweza kupanda na kutoka. Ndege hiyo ilinadiwa kama chombo cha starehe. Anayeuza starehe ya kuruka karibu na maji asijifanye kushangaa mnunuzi anapoitafuta.

Kwetu starehe hiyo huja kwa sura nyingine. Ndege ndogo za Unguja, Pemba na Mafia hubeba watalii, watumishi na wagonjwa. Katika safari moja nilimsikia abiria akimsihi rubani ashuke "kidogo tu" apige picha za majahazi. Rubani, kijana mdogo, alikataa kwa upole, na mwenzetu akanuna mpaka tunatua. Nilijiuliza: malalamiko yakifika ofisini, atasimama nani upande wa kijana huyu? Kanuni ya kimataifa ipo: rubani anayeongozwa na macho asishuke chini ya mita 150 juu ya ardhi au maji, isipokuwa anaporuka, anapotua au kwa kibali. Lakini kanuni haina macho katikati ya mkondo wa bahari. Huko mlinzi wake ni rubani mwenyewe, naye ana mkataba wa kazi na kodi ya nyumba.

Hata safari isiyo na mchezo wowote hupita chini juu ya maji inapokaribia kutua. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR 42, kubwa kuliko hizi ninazozisemea, iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, walikufa 19. Wavuvi waliwahi kufika na mitumbwi yao, na tuliwasifu kwa haki. Lakini mtumbwi wa mvuvi si mpango wa uokoaji wa taifa. Viwanja vyetu vya kando ya maji vinapaswa kuwa na boti, wazamiaji na mafuta kila siku ndege inapotua.

Liko pia suala la jaketi la kuokolea. Mwaka 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia bahari ya Komoro. Wakafa watu 125 kati ya 175. Baadhi yao walikuwa wamejaza jaketi zao upepo wakiwa bado ndani, zikawainua hadi darini huku maji yakiingia. Katika ndege ya injini moja inayovuka bahari, jaketi lingefaa kuvaliwa kabla ya kuruka, likiwa halijajazwa, na abiria aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba kamba huvutwa akishatoka mlangoni. Maelezo hayo hayachukui hata dakika mbili, nayo hutolewa ndege ikiwa bado chini.