Tupewe Njia Msituni

Msomaji, ikiwa wewe ni mwanafunzi wa Kericho au wa Bomet, nina swali kwako kabla ya jambo lingine lolote. Umepata kuingia katika msitu wa Mau? Siulizi kama umeuona. Kuuona hakuna sifa, kwa kuwa kila asimamaye juu ya kilima cha chai asubuhi isiyo na ukungu huona ule mstari mweusi upande wa mashariki, pale kijani cha chai kinapokoma na kijani kingine kinapoanza. Nauliza kama umeingia kwa miguu yako mwenyewe, ukatembea nusu siku chini ya miti yake, ukatoka umechoka na umejua kitu ambacho hukukijua ulipoamka.

Swali hili huwauliza wanachuo wangu kila mwaka, vijana ambao baada ya muda mfupi watakabidhiwa watoto wa watu ili wawafundishe nchi yao. Mikono inayoinuka huwa michache, na aghalabu ni ya wale waliotumwa kuni au waliomfuata ng'ombe aliyepotea. Wengine wote wamezaliwa ubavuni mwa msitu, wamekunywa maji yake, wamesoma habari zake kwa ajili ya mtihani, wala hawajapata kuukanyaga. Wanaweza kukutajia mito ya Ulaya kwa mpangilio. Mti wa msitu wao wenyewe hawaujui kwa jina, si kwa Kiswahili, si kwa Kipsigis.

Nasema basi kwamba itengenezwe njia. Iwe njia ya miguu, si ya magari. Ianzie ukingoni mwa chai, iingie Mau ya Kusini Magharibi, ivuke mto, izunguke na kurudi ilikoanzia bila kumpitisha mtu mahali pamoja mara mbili. Kilomita 12 zatosha, ambazo ni mwendo wa kutoka asubuhi hadi saa nane kwa kijana mwenye afya. Mwanafunzi asitozwe ada. Waongozaji wawe wenyeji wanaoujua msitu tangu utoto. Hilo tu ndilo niliombalo, na kwa udogo wake nastaajabu jinsi hoja za kulipinga zilivyo nyingi.

Wako wasemao kwamba kutembea bila shughuli ni uvivu, au ni mchezo wa wageni wenye fedha, na kwamba mtoto wa Kericho hana haja ya kufundishwa kutembea maana hutembea kila siku kwenda shule. Watu hawa hawakumbuki walikotoka. Mababu wa Wakipsigis walipotaka kumgeuza mvulana kuwa mtu mzima hawakumfungia katika chumba chenye ubao. Walimtenga katika menjo, kibanda kilichojengwa mbali na watu, na porini akajifunza mti upi hutibu na upi huua. Waogiek ndio kabisa: kwao msitu ulikuwa ghala, hospitali na shule kwa pamoja, nao walipanda na kushuka katika miinuko yake wakifuata msimu wa asali. Kutembea msituni kwa ajili ya kujua si desturi ya kuazima.

Hata huko kwa wageni, haki ya kutembea haikuletwa na wenye fedha. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa mji wa Manchester na viunga vyake, walipanda mlima uitwao Kinder Scout huko Uingereza. Ilikuwa nyika iliyofungwa ili mabwana wachache wapate kuwinda ndege. Watano katika vijana hao walitiwa gerezani. Bunge lao lilingoja hadi mwaka 1949 kupitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya ruhusa ya kupita mashambani. Sasa ulinganishe, msomaji. Miaka miwili tu baada ya vijana wale kufungwa, yaani mwaka 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuondoa ukoo wa Talai, ukoo wa Orkoiyot, katika vilima hivi vya Kericho, na ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na homa. Aliyekatazwa kukanyaga kilima na aliyeng'olewa kilimani walikuwa chini ya taji moja. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia kwamba ruhusa ya kuikanyaga nchi yako ni anasa.

Hoja ya pili ina uzito, nami siipuuzi. Husemwa kwamba njia ikifunguliwa, watakaoifuata kwanza ni wachoma makaa na wakata mbao. Kwamba msitu uliojeruhiwa huachwa upumzike, na dawa yake ni uzio na kufuli. Huonyeshwa uzio wa umeme uliozungushwa milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, na ule wa Mau Eburu uliokamilika mwaka 2014. Sina ugomvi na uzio. Umewazuia tembo wasiharibu mashamba, na umewazuia watu wasiibe miti. Ninaloligomba ni wazo kwamba msitu wa Mau uliharibiwa na miguu ya wapita njia.

Msitu huu ulikatwa kwa kalamu kabla ya kukatwa kwa shoka. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa katika hifadhi karibu hekta 67,000 za misitu ya Kenya, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa Mau. Mau ya Kusini Magharibi peke yake ilipoteza zaidi ya hekta 22,000. Tangazo hilo halikuandikwa na mchoma makaa. Liliandikwa ofisini, na baadhi ya waliofaidika walikuwa watu wakubwa ambao hawakuwa na shida ya ardhi hata kidogo. Mwaka 2009 kikosi kazi kilichoundwa kuuchunguza msitu kilitoa taarifa yake, na watu wakaanza kuondolewa. Lakini kama ilivyo ada, maskini aliyeuziwa kipande ndiye aliyelala nje na watoto wake mvuani. Niambie, uzio upi ungaliizuia kalamu ile? Lakini lau kungalikuwako maelfu ya vijana walioujua msitu huo kwa miguu, walioweza kusema bonde hili lina chemchemi na mti huu una umri wa mababu watatu, yamkini mwenye kalamu angaliona haya.

Na hili si ndoto yangu. Tazama Karura, jijini Nairobi. Mwezi wa Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi damu langoni mwa msitu huo walipokwenda kupanda miti, kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kwa siri. Hata baada ya kuokolewa, Karura ilibaki mahali pa kuogopwa. Watu walijificha humo kwa maovu, na mpita njia aliharakisha. Leo ina njia za miguu zinazozidi kilomita 50 katika hekta zipatazo 1,000, na siku za mapumziko hujaa familia na watoto. Njia hizo hazikuumaliza msitu. Zimeupa macho, na mwizi hapendi macho.

Tembo na nyati wapo, ndiyo, na hilo halihitaji mjadala mrefu: wanafunzi waende kwa kundi, pamoja na askari wa misitu na mwongozaji, na siku za mvua kubwa njia ifungwe.

Kuna wa tatu, naye huniuma zaidi kwa kuwa husema kwa huruma. Husema: Mwalimu, watu hapa hula chai, kijana anataka kazi, wewe wamtembeza. Kweli kazi ni haba. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokasirika kwamba chuma kinachukua nafasi ya mikono. Sitadai kwamba njia moja msituni itawalisha watu hao wote; itawapa kazi waongozaji wachache, basi. Lakini asemaye kwamba watu hula chai na ajiulize chai yenyewe hula nini. Mashamba haya yamekaa juu, kiasi cha mita 2,000, nayo hustawi kwa sababu mvua hunyesha karibu mwaka mzima na joto halizidi kipimo. Msitu ulio mgongoni mwake ndio unaolinda unyevu huo. Makampuni yenyewe yalilijua jambo hili zamani. Serikali pia ililijua ilipoanzisha mwaka 1986 ukanda wa chai wa Nyayo, ili chai iwe ukuta kati ya msitu na mashamba ya watu. Ingawa palikuwa na kioja kidogo humo, kwamba ili kuilinda miti, iling'olewa mingine kwanza ipandwe chai.

Tena maji hayaishii hapa. Itare na Kiptiget hutoka katika msitu huu na kuingia mto Sondu, ambao huzungusha mitambo ya Sondu Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Nyangores hushuka kupitia Bomet, na maporomoko yake huipa umeme hospitali ya Tenwek. Kisha hukutana na Amala, nao wote wawili huwa Mara. Mara ndiyo inywewayo na nyumbu wa Maasai Mara na wa Serengeti, hata ikafika Tanzania na kumwagika katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mwanafunzi wa Bomet avukaye daraja la Nyangores na kuyaona maji mekundu kama uji wa wimbi anatazama udongo wa mtu aliye juu yake ukienda kwa mtu aliye chini yake. Nataka apande afike pale mto unapotoka kwenye mizizi ungali mweupe. Ramani ya darasani haimfikishi huko.

Sasa niseme ni njia ya namna gani nisiyoitaka. Karibu na mji wa Kericho, huko Chagaik, kuna bustani ya miti iliyopandwa katika miaka ya 1940 na mkulima wa chai Mwingereza. Ni mahali pazuri, pana bwawa na miti ya kutoka pande nyingi za dunia, na shule hupeleka watoto huko wakala mkate, wakapiga picha, wakarudi. Siichukii. Lakini mtoto arudiye kutoka hapo huambiwa kwamba ameona msitu, na hilo ni kosa, kwa maana ameona bustani. Uzuri uliopangwa hauna maswali, na mimi nataka njia yenye maswali.

Vibao vya njia hiyo viseme kweli. Pale mwanzo, penye chai, kiandikwe kwamba ardhi hii ilikuwa ya Wakipsigis. Kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake walipewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, wakajaribu kulima kitani wakashindwa. Na kwamba katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaja na chai. Ndani ya msitu miti iitwe kwa majina yake: saptet, tebeswet, simotwet. Penye mwiri kielezwe kwamba gome lake hununuliwa ng'ambo kwa kutengeneza dawa, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa dunia, kwa sababu walioutaka walikuwa wakiumenya mti mpaka unakauka umesimama. Na penye mizinga kielezwe habari ya Waogiek, waliosimama katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha na kuishinda serikali tarehe 26 Mei 2017. Na kwamba tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Kielezwe pia kwamba mwezi wa Novemba 2023 nyumba zao za Sasimwani, upande wa Narok, zilibomolewa, hukumu hiyo ikiwa ingalipo.

Hapa mtu mwenye akili ataniuliza: Je, njia yako haitakuwa kitu kingine kinachokatwa katika ardhi ya watu hao bila ridhaa yao? Itakuwa hivyo, ikikatwa bila kuwauliza. Kwa hiyo waulizwe kwanza, kabla ya mhandisi na kabla ya mfadhili. Wakisema hapa pana makaburi au pana mizinga, msipite, njia na ipinde. Faida ya njia ya mviringo ni hiyo, kwamba yaweza kupindishwa popote na bado ikamrudisha mtu nyumbani. Na wakisema hapana kwa njia nzima, basi iwe hapana, nami nitatafuta ukingo mwingine wa msitu.

Sheria haitukatazi. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na imeitaka serikali ihifadhi miti katika asilimia 10 ya nchi angalau. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imeziruhusu jumuiya za wenyeji kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya katika kuitunza misitu, nazo jumuiya hizo zimekwisha kuundwa sehemu nyingi za Mau. Mlango upo, anayekosekana ni wa kubisha. Wewe usomaye haya una umri wa kushika kalamu. Mwombe mwalimu wako wa jiografia akuonyeshe katika ramani ni jumuiya ipi iliyo karibu na shule yako, na afisa yupi wa misitu. Kisha barua iandikwe, ya kurasa mbili na Kiswahili safi, isiyo na matusi wala ya kusihi kupita kiasi, itaje mahali mnapotaka njia ianzie na sababu yake, na chini yake yawepo majina ya darasa zima.