Mficha Msimbo, Kilio Humfichua

Timu nyingi za watengeneza programu, ziwe Nairobi, Dar es Salaam au Berlin, zina imani moja ambayo hakuna anayeihoji: kwamba kazi salama ni kazi iliyotengwa. Kila kipengele kipya kinafunguliwa tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya msimbo. Kuna tawi la maendeleo, tawi la majaribio, tawi la toleo na tawi la dharura. Juu ya yote hayo kuna tawi kuu, lisiloguswa ila kwa ruhusa ya mkuu wa timu. Mchoro wa matawi hayo una rangi na mishale, na mgeni huelezwa huo mchoro kabla hajaambiwa programu yenyewe inamsaidia nani.

Nasema imani hiyo ni potofu. Tawi linaloishi wiki tatu halimlindi mtu yeyote. Linaahirisha tu siku ya kugundua kwamba watu wawili wamejenga vitu visivyopatana, na deni hilo lina riba.

Tuanze na chimbuko. Mchoro huo kwa sehemu kubwa ni wa Mholanzi Vincent Driessen, aliyeuchapisha Januari 2010, na leo unajulikana kama Git Flow. Wakati huo Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, haikuwa imefikisha hata miaka mitano tangu Linus Torvalds aianzishe, Aprili 2005, kwa ajili ya kiini cha Linux. Madevelopa wengi walikuwa wanatoka kwenye mfumo mwingine, Subversion, ambako kufungua tawi kulikuwa rahisi lakini kulirudisha kwenye shina, yaani tawi kuu, kulikuwa adhabu. Hadi toleo la 1.5 la mwaka 2008, mfumo wenyewe haukuwa ukiweka kumbukumbu ya nini kimekwisha kuunganishwa. Git ikaifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Watu wakaona urahisi, wakadhani ni usalama.

Driessen mwenyewe hakung'ang'ania. Machi 2020 aliongeza maelezo juu ya makala yake akisema kwamba timu inayotoa programu yake mfululizo, kama zilivyo programu nyingi za wavuti, ni heri ichague utaratibu mwepesi zaidi, na akautaja GitHub Flow. Mwenye mchoro ameshasema. Waliobaki kuutetea ni wale walioukariri.

Sasa tuangalie madhara yanavyotokea. Git hulinganisha mistari ya maandishi, basi. Watu wawili wakibadili mstari uleule, itasimama na kulalamika. Lakini chukua programu ya malipo. Developa mmoja amebadili fanksheni inayokokotoa ada ili irudishe senti badala ya shilingi, na amerekebisha kila mahali anapoona inaitwa. Mwenzake, kwenye tawi lililokwisha kufikisha wiki ya tatu, ameandika ukurasa mpya wa risiti unaoita fanksheni hiyohiyo akitarajia shilingi. Wamegusa mafaili tofauti. Siku ya kuunganisha, Git haitasema neno. Majaribio ya tawi la kwanza yalipita, ya tawi la pili yalipita, na mteja anapokea risiti inayosema ada ya shilingi 50 ni shilingi 5,000.

Hakuna aliyekosea ndani ya tawi lake. Kosa lilizaliwa katikati ya matawi mawili, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Kama badiliko la senti lingeingia kwenye tawi kuu siku lilipoandikwa, mwenzake angekutana nalo kesho yake asubuhi alipovuta msimbo mpya, na mambo yangekwisha kwa maswali mawili kwenye gumzo la timu.

Hesabu nayo haimpendelei mtenganishaji. Matawi 5 yaliyo wazi yana jozi 10 zinazoweza kugongana. Matawi 10 yana jozi 45. Kila tawi linajaribiwa peke yake. Jozi zake hakuna anayezijaribu hadi siku ya toleo. Na pale uunganishaji unapouma, timu haijifunzi kuunganisha mapema, inajifunza kuogopa kuunganisha, hivyo safari ijayo inachelewa zaidi na kuumia zaidi. Pia usafi wa msimbo unakufa. Nani atathubutu kubadili jina la fanksheni au kuligawa faili lililojaa, ilhali anajua kuna matawi sita ya wenzake yatakayovunjika? Basi uchafu unaachwa, na kila mtu anaukwepa kwa adabu.

Tazama pia marekebisho ya dharura. Katika Git Flow, kasoro iliyoonekana kwa mteja inarekebishwa kwenye tawi lake, kisha inaingizwa kwenye tawi kuu, kisha kwenye tawi la maendeleo, au, kama kuna tawi la toleo lililo wazi, inapitishiwa huko badala yake. Sasa weka utaratibu huo mikononi mwa mtu mmoja, Ijumaa saa mbili usiku, simu ya mteja ikilia. Akisahau hatua moja, kasoro iliyokwisha kurekebishwa inarudi katika toleo linalofuata. Ulinzi unaotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka si ulinzi.

Mtetezi wa matawi atasema hayo ni maneno tu. Basi asome Accelerate, kitabu cha Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim kilichotoka 2018. Utafiti wao uliona kwamba utendaji bora unaendana na timu zenye matawi hai yasiyofika matatu, yanayodumu chini ya siku moja kabla ya kuingia kwenye shina. Na utendaji waliopima haukuwa kasi peke yake. Walipima pia matoleo yanayoharibika na muda wa kurudisha huduma ikianguka.

Atajibu: "Sisi si Google." Ni kweli. Makala ya wahandisi wa Google ya mwaka 2016 ilieleza hifadhi moja ya msimbo yenye mistari takriban bilioni mbili, iliyotumiwa na wahandisi wapatao 25,000, karibu wote wakifanya kazi kwenye shina moja. Ikiwa watu 25,000 wanaelewana hapo, watu sita wanaoketi chumba kimoja wanaogopa nini? Google ina mitambo mikubwa ya majaribio, sawa. Watu sita hawahitaji mitambo hiyo; wanahitaji majaribio yanayojiendesha na kumalizika kabla chai haijapoa.

Hoja nzito zaidi ni hii: kazi ambayo haijakamilika itamfikia mteja. Jibu lake ni swichi. Msimbo unaingia kwenye tawi kuu ukiwa umezimwa, na unawashwa ukiwa tayari. Flickr walikuwa wakieleza hadharani namna hiyo ya kufanya kazi tangu 2009. Swichi nazo zina hatari zake, na asiyezitaja anadanganya. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa dakika kama 45 za biashara ya hisa. Msimbo mpya ulitumia tena swichi ya zamani, na seva moja kati ya nane haikuwekewa toleo jipya. Swichi ilipowashwa, kwenye seva hiyo iliamka programu ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003. Lakini tafuta chanzo: msimbo uliokufa haukuondolewa, na usambazaji haukuhakikiwa na mtu wa pili. Hakuna idadi ya matawi ambayo ingemwokoa mwenye uzembe huo. Funzo lake ni kwamba swichi ikimaliza kazi ifutwe, tena haraka.

Kuna mahali ambapo tawi refu lina haki yake. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi, unahudumia matoleo kadhaa kwa wakati mmoja, kwa sababu wizara ya afya haiwezi kuhama toleo kila mwezi. Kila toleo lina tawi lake la matengenezo. Linux nayo iko hivyohivyo. Lakini matawi hayo yanabeba kazi iliyokwisha kutoka na yanapokea marekebisho tu. Hayafichi kazi changa isiyoonwa na wenzake. Anayetumia mfano wa Linux kutetea tawi la miezi miwili la ukurasa wa kuingilia anachanganya mambo.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu tawi linaficha mapungufu matatu. Timu isiyo na majaribio inajiliwaza kwamba tawi kuu halijaguswa. Timu inayochelewesha ukaguzi inaita foleni yake utaratibu. Na bosi asiyeweza kuamua kama kipengele kinatakiwa au hakitakiwi anasema, "Kiwekeni kwenye tawi, tutaona." Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka kilikuwa cha nini, na mshahara wa miezi mitatu umekwenda.

Kesho asubuhi mkuu wa timu afungue orodha ya matawi na aipange kwa tarehe. Kila tawi lililozidi siku mbili, amuulize mwenye nalo swali moja: ni kipande gani kinaweza kuingia leo, hata kikiwa kimezimwa? Akijibiwa "hakuna", tatizo ama ni majaribio yasiyokuwepo, ama ni kazi iliyokatwa vipande vikubwa mno, na yote mawili yanatibika. Kusubiri hakutibu lolote. Timu isiyoweza kuunganisha kazi ya siku mbili haitaiweza ya miezi miwili.