Bao la Kete na Vita vya Mwele

Katika kijiji cha Gazi, baina ya Diani na Msambweni, jua lipunguzapo makali yake baada ya sala ya alasiri, wazee huketi kivulini na ubao wa bao kati yao. Mkulima ameshuka kutoka minazini, karani ametoka kazini na kalamu yake bado imo mfukoni, na vijana wawili watatu wamesimama nyuma yao, wakitoa mashauri wasiyoombwa. Mpita njia asiyeujua mchezo huona watu wazima wakihamisha mbegu kutoka shimo hili kutia shimo lile. Aujuaye huona vita.

Zana za vita hivi hazinunuliwi dukani. Mkomwe huota wenyewe kandokando ya ufuo, nao una miiba hata juu ya maganda yake, basi atakaye kete hana budi kuchomwa kidogo. Ndani ya ganda mna komwe chache, ngumu kama mawe, zenye rangi ya majivu na kung'aa. Ukipata komwe 64 umepata majeshi ya pande zote mbili. Ubao ni kazi ya seremala: safu nne, kila safu ina mashimo manane. Asiye na ubao huchimba mashimo 32 ardhini, na wengi waliokuja kuwa mafundi wa bao walianzia hapo mchangani.

Ulaya nako wako watu wanaocheza vita. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wake wa kupiganisha vipande vyekundu na vya buluu juu ya ramani, na dadu ndiyo iliyoamua bahati ya mapigano. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars juu ya kupigana kwa askari wadogo wa madini na vizinga vya kufyatua vijiti. Hata leo wako watu wenye vyeo na mvi ambao hukesha wakipaka rangi askari wa Roma na wa Ugiriki wasiozidi kidole gumba, kisha huwapanga mezani na kuvirudia vita vya miaka 2,000 iliyopita. Msomaji asiwacheke. Sataranji, ambayo hakuna aionaye kuwa ni mchezo wa kitoto, nayo ilianzia Bara Hindi kwa majeshi ya tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu.

Lakini katika michezo hiyo yote aliyeuawa huondolewa mezani, na rangi yake humtambulisha bwana wake tangu mwanzo hata mwisho. Kete za bao hazina rangi ya upande. Kete ikiliwa haitoki ubaoni. Hupandwa katika mashimo ya yule aliyeila, na papo hapo huanza kumpiga bwana wake wa jana. Mchezo ukiisha, kete zote 64 zingali pale pale. Hakuna aliyekufa, waliohama ni wengi.

Jambo hili si geni katika habari za Pwani hii. Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyekaa Gazi, alikuwa wa ukoo uliotawala Mombasa hata mwaka 1837, Sultani Seyyid Said alipouangusha. Mbaruk alipigana na Masultani wa Unguja mara nyingi. Mwaka 1882 jeshi la Sultani Barghash, chini ya Lloyd Mathews, liliizingira ngome yake ya Mwele, katika vilima nyuma ya Gazi, likaitwaa, mwenyewe akaponyoka. Baadaye alipatana na Kampuni ya Waingereza iliyokodi Pwani kwa Sultani mwaka 1888. Mwaka 1895 akawa adui yao. Ugomvi ulikuwa juu ya urithi wa Takaungu: Kampuni ilimkubali mmoja, naye mwenzake aliyenyimwa akaasi, akakimbilia kwa jamaa zake Gazi. Mzee Mbaruk hakumtoa.

Hapa yafaa kulirudia bao, kwa kuwa mwenye kulijua atavifahamu vita hivyo upesi zaidi kuliko mwenye kusoma vitabu tu. Katika safu ya mbele, shimo la tano kutoka mkono wa kushoto huitwa nyumba. Mchezo huanza na kete 6 humo, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuumeni kwake, na 22 mkononi. Nyumba ina heshima yake. Kete ya mwisho ikiangukia humo, mwenyewe aweza kulala nyumbani, asiendelee, akazidi kuilimbikiza. Au aweza kusafiri, yaani kuzichota zote na kuzitawanya, na tangu hapo heshima ya nyumba imekwisha. Mchezaji mwoga huilimbikiza hata ikawa na kete kumi au zaidi, na mwenziwe huitazama kama paka amtazamavyo panya. Siku nyumba ikiliwa, kilio kwa mwenye kuweka akiba.

Mwele ilikuwa nyumba ya Mbaruk. Aliiacha Gazi iliyo ufuoni, mahali pafikiwapo na manowari, akaingia Mwele palipozungukwa na msitu. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliitwaa. (Ndiye huyo huyo aliyeipiga mizinga Unguja mwaka uliofuata, katika vita visivyotimiza saa moja.) Wengi walidhani mambo yamekwisha. Mchezaji wa bao asingedhani hivyo, kwa kuwa kuliwa nyumba si kufungwa. Mbaruk alikuwa amekwisha kusafiri. Watu wake walikuwa wametawanyika, na vita vya kuvizia viliendelea kwa miezi mingi, hata askari wakaletwa kutoka Bara Hindi mwanzoni mwa mwaka 1896.

Ajifunzaye bao huona uchungu kuikubali sheria moja. Kete za safu ya nyuma haziliwi. Adui hula za mbele tu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kete tele nyuma yake, salama kabisa, akadhani bado anacheza. Lakini safu ya mbele ikibaki tupu amefungwa, wala hahesabiwi alizo nazo nyuma. Wageni wengi hugombana hapo, wakionyesha kwa kidole: "Hizi je? Na hizi?" Wazee hucheka tu.

Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake wengi, wakiwa hai na silaha zao mikononi, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, von Wissmann. Nyuma alikuwa na watu. Mbele hakuwa na shimo la kutia kete. Wajerumani walimkalisha Dar es Salaam, na huko ndiko alikofia mwaka 1910.

Pale Gazi, bao likifungwa, kete huchotwa zote, zikahesabiwa 32 kwa 32, na nyumba ikatiwa kete 6 upya.