Kuku Akiinamisha Shingo, Nani Ajuaye?

Afugaye kuku nyuma ya nyumba huko Kayole au Githurai huogopa asubuhi moja tu: ile ya kufungua kibanda na kukuta watatu wamekauka, na waliobaki wanahara kijani, shingo zimepinda. Jirani atasema ni kideri, na mara nyingi hatakosea. Lakini homa ya ndege nayo yaweza kuanza vivyo hivyo, na hiyo, kule Hong Kong mwaka 1997, iliambukiza watu 18 na kuua 6. Kwa macho tu, hata daktari wa mifugo hawezi kuapa.

Maabara zilizoea kuchukua ute wa kooni mwa kuku, kuudunga katika yai lenye kiinitete cha siku 9 hadi 11, kisha kungoja. Siku kadhaa, pengine wiki. Je, mwenye kuku atangoja? Karo haingoji. Atawatia matengani wale ambao bado wanasimama, awapeleke sokoni, na virusi vipande matatu pamoja nao.

Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni njia ya kunakili kipande cha chembe za urithi mara mamilioni, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mashine ya kazi hiyo hupasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, na majibu huja kwa saa chache. Ila ni ghali, tena haivumilii stima ya kupotea-potea. Mwaka 2000 Wajapani wakatangaza njia iitwayo LAMP, inayotaka joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65. Kwa muda wa saa moja hivi dawa yaweza kubadilika rangi, ukaona mwenyewe.

Si muujiza, jamani. Kuku aliyepewa chanjo hai ya kideri juzi aweza kuonekana mgonjwa, kwani virusi vya chanjo navyo ni virusi. Wataalamu hulazimika kuikagua jeni iitwayo F ili kutenga vikali na vipole. Basi mtajie daktari tarehe ya chanjo; wengi hunyamaza, sijui kwa nini.

Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya ndege kando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka huko. Nyakati kama hizo, wiki ya kungoja yai ni ndefu mno.

Aliyekufa usimchinje, wala usimtupe jaani. Nawa kwa sabuni, umwite afisa wa mifugo kabla ya kuuza hata mmoja.