Mahadhi ya Kuazima, Maneno Yetu

Hivi majuzi vijana wa Changamwe walinikaribisha kutazama nao sinema ya Kihindi iitwayo Jhankaar Beats, iliyotoka mwaka 2003 chini ya uelekezaji wa Sujoy Ghosh. Ni sinema ya kuchekesha. Marafiki wawili hufanya kazi ya matangazo ya biashara ili wapate riziki, huku wakiota kushinda shindano la muziki. Wanayemhusudu ni mtunzi R. D. Burman, aliyefariki mwaka 1994. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Vicheko vilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa sekondari alinieleza jambo lisilochekesha. Alitunga shairi kwa ajili ya tamasha la shule yao, akalitia mahadhi ya wimbo wa Kihindi. Mwalimu alilikataa papo hapo. Alisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tangu siku hiyo kijana hajatunga tena.

Namheshimu mwalimu huyo, lakini hukumu yake siikubali. Hapa Mombasa, marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kwa kuimba taarabu katika mahadhi ya sinema za Kihindi. Maneno yake, hata hivyo, yalikuwa Kiswahili cha Kimvita kilichopimwa. Mengi aliyaimba kutokana na tungo za Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita, diwani iliyochapishwa mwaka 1971. Nani atathubutu kusema kwamba nyimbo hizo si zetu? Hata Burman mwenyewe aliazima: wimbo wake mmoja mashuhuri katika sinema ya Sholay ya mwaka 1975 ulitokana na wimbo wa Mgiriki Demis Roussos.

Lugha nayo hufanya vivyo hivyo. Tunapanda gari, tunalipa bima na kuhesabu malaki. Maneno hayo yalitujia kutoka Bara Hindi, nasi tukayavika sarufi yetu hata hakuna ayaonaye kuwa mageni.

Basi nilimwomba kijana aniimbie shairi lake. Mizani ilikuwa sawa, lakini kasoro ilikuwa mahali pengine. Kihindi hutofautisha irabu fupi na ndefu. Kiswahili huweka mkazo, aghalabu, katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kijana alikuwa ameandika neno "barabara" akikusudia njia, lakini mahadhi yakavutia silabi ya pili badala ya ya tatu. Msikilizaji akasikia "barabara" yenye maana ya sawasawa! Njia ikapotea katikati ya ubeti.

Hilo ndilo kosa alilostahili kuelezwa, nalo hurekebishika. Tulibadilisha maneno mawili tu, wimbo ukakaa. Aliuimba tena huku wenzake wakipiga makofi, na uso wake ukakunjuka.

Walimu wenzangu, tusiwaulize wanafunzi mahadhi yametoka wapi kabla ya kuwauliza maneno yamekaa vipi. Tuwape wimbo waupendao, wahesabu mizani, watafute mkazo, kisha watunge beti zao. Watajifunza arudhi na fonolojia kwa somo moja, tena kwa furaha. Nanyi wanafunzi, azimeni bila haya. Lakini mjue kwamba nguo ya kuazima husitiri ikipita kwanza mikononi mwa fundi.