Nilitaka kubandua rangi, nikabandua na gari!

Heshima yangu hapa mtaani imeshuka bei. Jirani yangu, yule mama wa sabuni za maji na za mche, siku hizi akiniona anacheka mpaka anashika kiuno. Kisa? Kigari cha kuchezea kisichozidi urefu wa kidole! Vuta kigoda nikupe mkasa, maana ndani yake mna somo linaloweza kukuokolea jicho, au hata mtoto.

Marehemu mzee wetu alikuwa baharia. Mwaka 1981 alirudi Dar na vigari viwili vya Matchbox, kimoja changu na kimoja cha kaka yangu. Siyo haya madude ya plastiki yanayovunjika kabla Idi haijaisha, la! Vya chuma, vizito mkononi, na ukikipindua tumboni unasoma jina la Lesney na kwamba kimetengenezwa Uingereza. Watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kuja kuvishika.

Hiyo Lesney ilianzishwa London mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wakubwa wake, Jack Odell, alimtengenezea binti yake kijigari kidogo kwa sababu shuleni kwao mtoto aliruhusiwa kuja na kitu cha kuchezea kinachoenea kwenye kiberiti tu. Wazo likawa dili. Mwaka 1953 vigari vikaanza kuuzwa ndani ya viboksi mfano wa kiberiti, ndiyo jina likaja. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1982, lakini vigari vyake bado vimejaa makabatini mwa watu dunia nzima.

Turudi kwetu. Siku moja mafundi walikuwa wanapaka geti la jirani rangi ya mafuta, nyeusi tii. Kaka akaenda kinyemela akakichovya kigari chake kwenye kopo, kizima kizima, eti kifanane na gari la waziri! Mzee alimchapa, mama akakisugua kwa majivu, wapi! Kikabaki cheusi hivyo hivyo mpaka tulipokuwa wakubwa.

Kaka hatunaye tena. Mwezi uliopita mwanawe wa miaka kumi na mmoja alikuja kwangu na kile kigari amekifunga kwenye kitambaa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba baba. Kulikoni?"

"Eti gari la baba lilikuwa rangi gani kabla ya hii nyeusi? Mama hajui."

Nikafungua mdomo nijibu. Hakuna kitu! Nimelala chumba kimoja na kaka miaka kumi na kitu, tumegombania shuka moja, halafu nimesahau rangi ya gari lake. Yule mtoto akawa ananitazama tu. We acha, nilijisikia vibaya. Nikamwambia, "Niachie, mwanangu. Jumapili utapata jibu."

Hapo sasa ndipo ujuaji ulipoingia. Nikawaza, kitu gani kinachokula rangi? Kostiki soda! Nikaenda kwa mama wa sabuni nikaomba vijiko viwili. Akaniuliza, "Unataka kuchemsha sabuni, shemeji?" Nikamjibu kwa kiburi, "Nina kazi zangu za kitaalamu." Akanipa, akanionya nivae glavu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Ashukuriwe Mungu, nilianza na kigari changu mwenyewe. Nikayeyusha kostiki kwenye maji ya moto ndani ya kopo, pale uani, hatua mbili kutoka jiko la mkaa lenye maharage ya mama watoto. Nikakitumbukiza. Basi bwana, lile kopo likaanza kuchemka lenyewe! Mapovu, moshi wenye kukaba koo, vitone vinaruka huku na huku. Kimoja kikanitua shavuni, kidole kimoja tu chini ya jicho. Nikakimbilia bomba huku napiga kelele ambazo mwanaume mwenye ndevu hatakiwi kuzipiga.

Mpangaji mwenzetu ni ticha wa kemia. Alitoka na taulo, akaniambia nisitoe uso bombani mpaka zipite dakika ishirini, halafu akalisogeza jiko mbali mbio mbio. Tulipolimwaga lile kopo, rangi ilikuwa imetoka kweli. Na gari nalo lilikuwa linatoka! Bodi limekuwa jeusi la kijivu, lina vishimo kama ndui, na ukingo wa paa umelika. Kigari alichonivukishia bahari marehemu mzee, nimekimaliza kwa dakika kumi na tano.

Ticha akanipa shule pale pale, nami nakupa wewe bure.

Kwanza, vigari hivi tunaviita vya chuma kwa mazoea tu. Ukweli ni mchanganyiko wa zinki na alumini, ambayo ni kama asilimia 4. Kostiki inakula zinki na alumini zote mbili. Na inapokula inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na moto inalipuka. Mimi nilikuwa nimeipeleka mlangoni kwa jiko la mkaa! Kumbe sufuria ya alumini ingenifanyia visa vile vile. Ndiyo maana wapika sabuni wenye akili hawaitumii.

Pili, rangi yenyewe. Zamani viwanda vilitia madini ya risasi kwenye rangi nyingi, hasa za njano, machungwa na nyekundu, na hata za mafuta za kupaka milango. Risasi hii ni sumu ya ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Usidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ilirudisha vigari vyake vya Sarge, vile vya filamu ya Cars, takriban 253,000 kwa Marekani peke yake, kwa sababu ya risasi kwenye rangi. Na kwa macho huijui. Kwa hiyo kila rangi ya zamani ihesabu ina risasi, yaishe.

Maana yake nini? Maana yake msasa mkavu ni marufuku, kwani unageuza rangi kuwa vumbi, na vumbi linaishia mapafuni na kwenye ugali. Kuchoma rangi kwa moto ndiyo usithubutu kabisa. Petroli na thina nazo weka pembeni, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama nyoka mpaka uliko moto. Asitoni ya kutolea rangi ya kucha inayeyusha vioo na matairi ya plastiki. Na zile dawa kali za kubandua rangi zenye metilini kloraidi zimeua watu waliojifungia bafuni wakifanya kazi. Marekani ilikataza zisiuzwe kwa watu wa kawaida mwaka 2019.

"Sasa nifanyeje, ticha?" nikauliza, maana cha kaka bado kilikuwa mezani, cheusi vile vile, na Jumapili inakuja.

Akacheka. "Dettol unayo?"

Dettol! Hii hii ya kuoshea vidonda. Wapenzi wa vigari na visanamu vya chuma huko Uingereza wameitumia miaka mingi. Inalainisha rangi polepole na haina ugomvi na zinki. Fanya hivi.

Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko. Chomoa vioo na matairi kama vinatoka bila kulazimisha. Tumbukiza kigari, mimina Dettol tupu isiyochanganywa na maji mpaka kizame, funga. Usiichanganye na Jik wala dawa nyingine yoyote. Iandike chupa kwa herufi kubwa, iweke juu mtoto asikofika, na mbali na paka maana inawadhuru. Kaa nayo mahali penye hewa, pasipo moto. Subiri siku nzima.

Kesho yake vaa glavu, maana Dettol tupu inachubua. Mimi nilizivua dakika tano za mwisho, ndiyo maana vidole vinawasha mpaka leo. Tandika magazeti, ila hili likiwemo lisome kwanza! Sugua kwa mswaki wa zamani. Hapa sikiliza vizuri: usikimbilie maji. Ile rangi iliyolainika ikikutana na maji inageuka ulimbo. Ichovye tena kwenye Dettol safi kidogo, sugua, futa kwa kitambaa, na rangi ikishaisha ndipo uoshe kwa maji na sabuni ya vyombo. Kausha vizuri kwa kitambaa.

Matambara, magazeti na mswaki funga kwenye mfuko, tupa. Ile Dettol chafu usimwage mtaroni, inaua viumbe wa majini. Ifyonzeshe kwenye machujo ya mbao, ifunge, iende na taka. Meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie. Nawa mikono kabla hujashika kitu cha kula. Mjamzito na watoto wasikaribie kabisa kazi hii.

Kwangu ilichukua siku tatu na mizunguko mitatu. Siku ya kwanza nilikata tamaa, ikatoka michirizi tu. Mama watoto akaniambia, "Rudi kwa kostiki yako basi, mtaalamu." Nikanyamaza. Siku ya tatu rangi ya geti ikaanza kuvuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Chini yake, msomaji wangu, ikatokea kijani. Kijani cha jani changa la mgomba! Papo hapo nikakumbuka kila kitu, kaka amelala kifudifudi barazani anakisukuma, analia honi kwa mdomo.

Lile dawa la pole lilikuwa limeishia hapo hapo. Limetoa rangi ya geti, likaiacha sehemu kubwa ya ile ya kiwandani. Kostiki ingezifagia zote mbili na jibu la mtoto lingekwenda nazo.

Nikakipindua. Tumboni, pembeni ya maandishi ya Uingereza, pana mikwaruzo ya msumari iliyokuwa imefunikwa na ule weusi. Nikasogeza kwenye mwanga nikasoma: YANGU.

Jumapili kijana akaja. Akakitazama kile kijani muda mrefu bila neno. Akakigeuza, akasoma, akacheka.

"Kumbe baba alikuwa mchoyo?"

"Mno, mwanangu. Mno!"

Tukacheka wote wawili, halafu tukanyamaza kidogo.

Alitaka akichezee hapo hapo. Nikamwambia ngoja. Rangi hii ya zamani bado ipo, na nyumbani kwao dada yake ana mtoto wa miezi kumi anayetambaa, kila anachokiona anatia mdomoni. Tukakubaliana kiroho safi: kigari kinakaa kwenye kabati la vioo la mama yake, rafu ya juu, chenye kijani chake na mabaka yake. Anayetaka kukishika anakishika, kisha ananawa mikono.

Changu kile chenye ndui nimekiweka dirishani. Mama wa sabuni akipita anakionesha kidole na kuniuliza, "Shemeji, leo hutaki vijiko viwili?" Namwitikia kwa unyenyekevu.

Na wewe, una kitu gani cha zamani unataka kukisafisha wikiendi hii? Kabla hujamimina chochote, uliza kwanza kimetengenezwa kwa nini. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.